Beki Aliyevuka Mara Themanini na Mbili

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa kuwa jina lake ni mali ya serikali na kulitumia bila barua ni kosa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mito miwili na wizara sitini na mbili. Mimi ni katibu wa tawi la washangiliaji wa timu ya taifa, cheo kinachoniruhusu kuingia kwenye kila kikao cha timu mradi nikae nyuma, nipige makofi na nisiulize swali. Haya nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu mawili, na mengi niliyapigia makofi.

Kwetu mchezaji wa timu ya taifa ni mtumishi wa umma. Ana faili, ana namba, ana mkuu wa idara, na ana kituo cha kazi. Kituo cha kazi cha kipa ni goli. Cha mshambuliaji ni mbele. Cha beki wa kushoto, kwa mujibu wa waraka, ni "eneo la nyuma upande wa kushoto, kuanzia mstari wa goli letu hadi mstari wa katikati ya uwanja, isipokuwa mkuu wa idara aelekeze vinginevyo kwa maandishi." Waraka huo ulikuwepo tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kuusoma. Ndiyo maana tuliweza kucheza mpira.

Beki wetu wa kushoto aliitwa Yoramu Kasigwa. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mapafu ya punda na goti moja bovu. Daktari wa timu alishamwambia lile goti limebakiza msimu mmoja. Yoramu hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Basi huo mmoja unanitosha. Nataka nicheze mechi moja tu ya Kombe la Ukanda. Baada ya hapo goti likitaka kwenda zake, liende." Nchi yetu haikuwa imewahi kufika kwenye Kombe hilo tangu lianzishwe. Tulikuwa tunalitazama kwenye televisheni na kuwashangilia jirani zetu kwa meno ya nje.

Safari hii mambo yalianza vizuri mno, na hilo peke yake lingetutia wasiwasi. Kocha wetu, Mwalimu Hamduni Mkwawira, mtu mwembamba aliyekuwa na tabia ya kula vijiti vya kiberiti, aligundua kwamba wapinzani wote wanatujazia watu katikati. Akapaacha katikati pakajaa. Alimwambia winga wa kushoto, Ashrafu, akipata mpira aingie ndani, na beki wa wapinzani kwa tamaa atamfuata. Njia itakayobaki wazi kando ya chaki, Yoramu ataipanda kutoka nyuma mbio zote, apewe mpira kwenye nafasi, afike mwisho na kumimina krosi. Kisha ageuke arudi mbio zile zile kabla wenyewe hawajashtuka. Ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulifanya, maana linataka mtu mmoja afanye kazi ya wawili, na awe na akili ya kujua lini aende na lini abaki.

Mechi ya kwanza ya kufuzu tulishinda matatu bila. Ya pili tulishinda mawili kwa moja. Magoli yote matano yalitoka kwenye mguu wa Yoramu. Watu wazima walikumbatiana mitaani, na mimi mwenyewe nilimbusu fundi cherehani ambaye hatukuwa tunasalimiana naye kwa miaka mitatu.

Kwenye mechi hiyo ya pili ndipo alipohudhuria Waziri wa Michezo, Mipaka na Utumishi, Mheshimiwa Daktari Filemoni Ndarukwa. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe. Hakuwa mpenzi wa mpira, ila kulikuwa na kamera. Kiti chake kiliwekwa usawa wa mstari wa katikati, na baada ya nusu saa akamwinamia msaidizi wake.

"Yule anakwenda wapi?"

"Anapanda kushambulia, Mheshimiwa. Ni beki wa kushoto."

"Beki. Na mbele anafanya nini?"

"Anapiga krosi, Mheshimiwa."

"Nani amemruhusu?"

Msaidizi akaanza kupekua makabrasha, kwa kuwa lilikuwa swali zuri. Waziri akaomba kalamu, na kuanzia hapo hakuangalia mpira tena. Aliangalia mstari.

*

Wiki iliyofuata Yoramu aliitwa kwenye Kamati ya Nidhamu kwa shtaka la utoro kazini. Waziri mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Mimi nilikaa nyuma, mikono tayari.

"Mtumishi Kasigwa," alianza Waziri, "siku ya mechi ulivuka mstari wa katikati mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Mheshimiwa. Nilikuwa nakimbia."

"Sisi tumehesabu. Mara arobaini na moja."

"Inawezekana, Mheshimiwa. Lakini kila nilipokwenda nilirudi. Arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi. Hata lile goli tulilofungwa lilipitia kulia."

Waziri alimgeukia mwandishi wa kamati. "Andika. Mtuhumiwa amekiri kuvuka mara themanini na mbili."

Mwalimu Hamduni aliomba ruhusa ya kueleza. Akapewa dakika tano. Kwa kuwa hakukuwa na ubao, alitumia vikombe vya chai vilivyokuwa mezani. Kikombe hiki Ashrafu, kile beki wa wapinzani, hiki cha Mheshimiwa, kwa heshima zote, ni Yoramu. "Ashrafu anaingia ndani hivi," alisema akisogeza kikombe. "Huyu anamfuata. Sasa tazameni huku pembeni, peupe. Yoramu anapanda." Akakisukuma kikombe cha Waziri mpaka karibu na bakuli la karanga. Mhudumu wa ofisi, mama mmoja nadhifu aliyefunzwa kazi vizuri, akanyoosha mkono, akakichukua kikombe na kukirudisha juu ya kisahani chake mbele ya Waziri.

Mwalimu akaanza upya. Ashrafu akaingia ndani, beki akafuata, kikombe cha Waziri kikapanda. Mama akakirudisha. Mara ya tatu Mwalimu alikishikilia kwa nguvu, na mama naye akakivuta kwa nguvu, kwa adabu lakini, bila kumtazama usoni. Chai ikamwagika juu ya faili la Yoramu.

"Umeona?" alisema Waziri, akipangusa. "Kila kitu kikikaa mahali pake, hakimwagiki."

Wanakamati walicheka sana. Nilipiga makofi. Nilijua kabisa kwamba ni upuuzi mtupu, na mikono yangu ilipiga hivyo hivyo.

Hukumu ilisomwa kabla chai haijakauka. Yoramu hatafukuzwa, kwa kuwa serikali ina huruma. Ataondolewa uwanjani na kupelekwa Chuo cha Utulivu Kazini kwa miezi minne, na akifaulu atarudi kama mchezaji wa akiba. Na kwa vile dirisha la usajili lilikuwa limebakiza siku tisa, kamati ikajipa kazi ya kumtafuta beki mwingine wa kushoto.

Yoramu aliuliza swali moja tu. "Mheshimiwa, mechi ya mwisho ya kufuzu ni baada ya miezi mitano. Nitakuwa nimerudi?"

"Ukijifunza," Waziri akamjibu.

*

Mwalimu Hamduni alipeleka majina mawili. La kwanza lilikuwa la beki wa timu ya Bandari ya Mto, aliyetoa pasi saba za magoli msimu ule. Kamati ilisoma faili lake ikakuta mwamuzi mmoja ameandika, "mchezaji huyu muda mwingi yuko mbele." Akakatwa. Wa pili alikuwa na mbio nzuri na mguu wa kushoto wa ajabu, lakini kwenye usaili alipoambiwa "karibu" aliingia kabla mlango haujafunguliwa wote. Naye akakatwa.

Aliyesajiliwa alikuwa Afande Tegemeo Lukwaro, miaka thelathini na tisa, mlinzi wa geti la wizara. Wasifu wake ulikuwa ukurasa mmoja ulionyooka. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuondoka kwenye geti. Hata mwaka ule ukuta wa wizara ulipobomoka, watu wakawa wanapita ubavuni kwenda na kurudi, yeye aliendelea kulinda geti, na kila jioni alilifunga kwa kufuli. Waziri alipolisoma hilo alivua miwani. "Huyu ndiye beki," alisema.

"Amewahi kucheza mpira?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, kucheza kunafundishwa. Kukaa ni kipaji."

Sina chuki na Afande Tegemeo. Ni mtu mwema, ana salamu nzuri, na jezi namba tatu ilimkaa vyema tumboni. Alifika uwanjani na kiti chake cha plastiki, mwamuzi akakikataa, akasimama. Alisimama dakika tisini, meta mbili kutoka kwenye chaki, na daftari la wageni likiwa limechomekwa kwenye soksi.

Kwenye mechi ya tatu winga wa wapinzani alimjia na mpira. Tegemeo akanyoosha mkono. "Habari za saa hizi, kaka. Unaenda kwa nani?"

Winga, ambaye hakuwahi kuulizwa swali uwanjani tangu azaliwe, alisimama ajibu. Ashrafu akamnyang'anya mpira. Jukwaa kuu lilisimama lote. Kesho yake gazeti la serikali liliandika habari kubwa juu ya ulinzi wa kisasa wa mahojiano.

Kilichofuata nitakieleza taratibu, kwa sababu hata sisi kilituingia taratibu.

Beki wa kushoto akiwa hapandi, Ashrafu alibaki mwenyewe huko mbele. Akipata mpira anakabwa na watu wawili, akitazama nyuma kwa msaada anamwona Tegemeo anampungia mkono. Baada ya mechi moja akachoka kudhalilika, akawa anashuka nyuma kuufuata mpira. Wapinzani walipoona kushoto kwetu hakuna kitu, wakahamisha watu wao wote kwenda kulia, ambako beki wetu Simbeye alikuwa bado anapanda. Simbeye akawa anazingirwa na watu watatu kila akigusa mpira. Wizara ikapokea malalamiko kwamba upande mmoja unavuka na mwingine hauvuki, jambo linaloashiria upendeleo. Simbeye akapewa barua ya onyo, na tangu siku hiyo akawa anaishia mstarini, anasimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani.

Mabeki wote wawili wakiwa wamekaa, mawinga wote wawili wakashuka. Mawinga waliposhuka, viungo wakakosa wa kumpasia mbele, nao wakashuka. Kufikia mechi ya nne timu nzima ilikuwa kwenye nusu yetu, watu wamesongamana mpaka wanakanyagana viatu, isipokuwa mshambuliaji wa kati, ambaye kituo chake cha kazi ni mbele na hakuthubutu kukiacha. Alikaa huko peke yake akizungumza na kipa wa wapinzani. Nasikia wamekuwa marafiki, na mmoja alimwalika mwenzake kwenye harusi.

Mwalimu Hamduni alijaribu kuupanga upya huo mkusanyiko, lakini ungeupangaje? Timu ni kama shuka fupi. Umesajili mtu mmoja asiyesogea, na wengine kumi inabidi wavutwe wamfuate alipo.

Mechi ya tatu ilikuwa sare bila magoli. Ya nne, sare bila magoli. Kwenye ya tano wapinzani walikuwa wameshajifunza. Winga wao alimjia Tegemeo, akaulizwa anaenda kwa nani, akajibu, "Kwa kipa, ananitegemea." Tegemeo akamwandika, akamwonyesha njia. Mpira uligonga mwamba mara tatu siku hiyo, na mara ya nne kipa wetu aliuokoa kwa uso. Sare tena.

Waziri alitangaza kwenye redio kwamba taifa limecheza dakika mia mbili na sabini bila goli kuingia. Mfumo huo ukapewa jina rasmi, Mfumo wa Utulivu, na ukaingizwa kwenye mtaala wa shule za msingi. Hakusema kwamba na sisi hatukufunga. Hakuna aliyemkumbusha. Tuliokuwa na hesabu kichwani tulijua kwamba sasa tuna pointi tisa, jirani zetu wa ng'ambo ya mto wana kumi na moja, na mechi ya mwisho ni sisi na wao. Tukishinda tunakwenda Kombe. Sare inatubakiza nyumbani.

*

Mwezi mmoja kabla ya mechi hiyo, Mwalimu alinichukua twende kumwona Yoramu chuoni. Alisema anahitaji shahidi, na mimi nilidhani anatania.

Chuo cha Utulivu Kazini kina uwanja mzuri kuliko wa taifa. Siku ile kulikuwa na wanafunzi kumi na wawili, mmoja tu mchezaji. Wengine walikuwa muuguzi aliyemhudumia mgonjwa wa wodi nyingine, fundi umeme aliyerekebisha taa bila kuagizwa, na wa aina hiyo. Zoezi lilikuwa moja. Mwanafunzi anaanzia nyuma, anakimbia kwa nguvu zake zote mpaka kwenye mstari wa chaki, filimbi inapigwa, anasimama papo hapo, anainama anaugusa mstari kwa vidole, anageuka, anarudi. Mara mia mbili kwa siku. Anayevuka hata kwa ncha ya kiatu anaanza kuhesabiwa upya.

Yoramu alikimbia vizuri. Mbio zake zilikuwa zile zile, hata macho yalinichezea nikadhani nipo mechi ya kwanza. Alifika mstarini akasimama, akagusa, akageuka.

"Mbona filimbi haijalia?" Mwalimu aliuliza.

Mkufunzi, bwana mmoja mchangamfu mwenye tai, alifurahi kuulizwa. "Filimbi ni kwa miezi miwili ya mwanzo tu. Sasa hatuitumii. Juzi hata mimi nilikwenda zangu kula, niliporudi nikawakuta bado wanasimama wenyewe." Akashusha sauti. "Huyu Kasigwa ni wa kwanza darasani."

Nilipiga makofi. Mwalimu Hamduni hakupiga. Alimwita Yoramu pembeni.

"Goti vipi, ndugu yangu?"

"Goti liko salama, Mwalimu. Halina kazi." Yoramu alicheka kidogo. "Usiwe na hofu. Haya ya hapa nafanya kwa nje tu. Nikishavaa jezi utaniona. Mechi moja, Mwalimu. Tukishinda hii, hata huko Kombe nikicheza dakika kumi, nitakuwa nimecheza."

"Kwa nje tu?"

"Kwa nje tu. Wallahi."

Nilimwamini. Alisema kama mtu anayejua miguu yake.

*

Siku ya mechi uwanja ulijaa tangu asubuhi. Jukwaa kuu lilikuwa na mawaziri wanane, mabalozi, na kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya mtu ambaye hatumtaji. Mtu huyo alikuja. Inasemekana alimwambia Waziri Ndarukwa neno moja tu kabla ya kukaa, nalo lilikuwa "Tushinde." Waziri alipauka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameagizwa kitu kinachopatikana kwa kufanya, na yeye alikuwa na watu waliofunzwa kutofanya.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Mfumo wa Utulivu kwa ukamilifu wake. Watu wetu kumi nyuma, mshambuliaji wetu mbele anapiga soga na rafiki yake. Jirani zetu, ambao sare iliwatosha, hawakuwa na haja ya kuhangaika. Walipigiana pasi fupi, wakavuta muda, wakatupungia mkono. Bila bila.

Mapumziko, mlango wa chumba cha wachezaji uligongwa kwa teke. Waziri aliingia, jasho jembamba likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Vukeni!" alisema. "Kuanzia sasa hivi, vukeni! Wote! Sitaki kumwona mtu nyuma!"

Hakuna aliyeinuka. Walitazama sakafu.

"Mnasikia? Waraka nimeufuta! Nendeni mbele, kulia, kushoto, popote!"

Simbeye, yule beki wa kulia, akanyoosha kidole. "Kwa maandishi, Mheshimiwa?"

Waziri alitukana tusi ambalo sitaliandika. Kisha akachukua ratiba ya mechi, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwamba watumishi wote wameruhusiwa kuvuka mstari wa katikati bila kikomo wala masharti, akatia saini, akatafuta muhuri mfukoni, akagonga. Karatasi ilizungushwa, kila mmoja akaisoma mara mbili, akampa mwenzake.

"Yoramu," alisema Mwalimu Hamduni. "Vaa."

Yoramu alikuwa ameshavaa. Alikuwa amevaa tangu nyumbani.

Badiliko lenyewe lilichukua dakika kumi na moja, kwa sababu Afande Tegemeo alikataa kutoka bila makabidhiano. Alimtembeza Yoramu kwenye eneo lote, akamwonyesha nyasi zilizokufa, bendera ya kona, wageni waliopita na waliorudi, na Yoramu akasaini kwenye daftari mgongoni mwa mwamuzi. Kisha Tegemeo akampigia saluti, akaondoka huku akilitazama lile eneo kwa huzuni ya kweli.

Uwanja ulilipuka. "Yo-ra-mu! Yo-ra-mu!" Sauti yangu iliniisha hapo hapo.

Dakika ya sitini na tano alipata mpira, akaupeleka mbele, akafika karibu na mstari, akapasia ndani akarudi. Tukasema anapima. Dakika ya sabini na tatu vile vile. Tukasema anawasoma, mtu mzima yule, ana hila zake. Mwalimu Hamduni alikuwa amesimama kwenye chaki na kijiti cha kiberiti mdomoni, hakitafuni.

Dakika ya themanini na nane ndiyo ninayoiona mpaka leo nikifumba macho. Jirani zetu walipata kona, wakapanda karibu wote, kwa kiburi tu. Kipa wetu akaudaka mpira, akautupa kwa Yoramu. Ashrafu, ambaye hakuwa amekwenda mbele kwa miezi mitano, akakumbuka. Akachomoka, akaingia ndani, na beki pekee aliyebaki akamfuata kwa tamaa ile ile ya zamani. Kushoto kote kukawa peupe. Kutoka miguuni kwa Yoramu mpaka kwenye bendera ya kona ya wenzetu hapakuwa na mtu, hapakuwa na kitu, ni nyasi tu na jua.

Akaondoka. Mungu wangu, aliondoka! Mapafu yale, mkono wa kulia ukipunga vile vile, mpira umbali wa hatua moja mbele yake. Watu elfu arobaini tulisimama juu ya viti. "Panda!" alipiga kelele Mwalimu. "Panda, Yoramu! Panda!" Hata Waziri alikuwa amesimama, anapiga kelele hizo hizo, na huko kati Ashrafu ameinua mkono.

Yoramu alifika kwenye mstari wa katikati akasimama.

Hakuna aliyemkaba. Hakuna aliyepiga filimbi. Mpira ulivuka peke yake hatua moja, ukapungua mwendo, ukatulia upande wa pili. Alibaki anautazama. Kisha akainama, akagusa chaki kwa vidole, na akiwa bado ameinama akanyoosha mguu juu ya mstari, akauvuta mpira kwa ncha ya kiatu, akageuka, akaurudisha kwa kipa wetu.

Watu elfu arobaini tulishuka kutoka juu ya viti, tukakaa. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho ilikuwa bila bila, na Kombe likabaki kwenye televisheni.

Mwalimu Hamduni aliingia uwanjani akamkuta Yoramu pale pale. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia.

"Ulikuwa umeumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulikuwa na karatasi. Uliisoma."

"Niliisoma. Nilikuwa nakwenda, Mwalimu, nakwambia kweli. Kichwani nilikuwa nimeshafika kule." Alikuwa akitazama vidole vyake vyenye chaki. "Miguu ndiyo iliyokuwa inasubiri kitu. Sijui ilikuwa inasubiri nini."

Mwalimu akamshika bega. Yoramu hakucheza tena baada ya siku hiyo. Nililia, na sioni aibu kusema, ingawa nilijificha nyuma ya ngoma yetu ya tawi.

Waziri alichukua kipaza sauti kabla hatujaanza kutawanyika. Alikuwa ameshapata rangi yake. "Ndugu wananchi, serikali imetimiza wajibu wake. Tumetoa uwanja. Tumetoa jezi. Leo tumetoa hata ruhusa ya kuvuka, dakika arobaini na tano nzima, bila masharti yoyote. Mnataka tuwabebe? Tatizo la watu wetu ni moja, hawana uthubutu. Naunda kamati ichunguze uthubutu wao umepotelea wapi."

Tulipiga makofi. Kisha tukashuka majukwaani taratibu, watu elfu arobaini, tukapanga foleni kwenye mlango ule ule tulioingilia, ingawa milango mingine mitano ilikuwa wazi.